Maji Niliyoyapeleka Ziwani

Picha ninayo kwenye simu mpaka leo, na kila anayeiona husema mashallah. Nyuma kuna mlima wenye theluji kileleni, chini yake ziwa la kijani, na ukingoni amesimama mdogo wangu, tumbo limeanza kuonekana, ameinua chupa ya plastiki anakunywa maji. Watu huniuliza, "Hapa ni wapi, peponi?" Huwajibu ni Uswizi, nikazima simu. Leo nitasema yaliyokuwamo ndani ya ile chupa, kwa sababu nimechoka kuambiwa picha nzuri.

Tumezaliwa wawili tu, mimi na yeye, na mimi ndiye mkubwa. Kwetu ni Kisauni, ndani kidogo, ambako upepo ukigeuka moshi wa jaa la Mwakirunge huja mpaka kitandani hata ufunge madirisha. Kisima cha uani kina maji ya chumvi. Tunayafulia na kuyaogea, lakini ya chai tunanunua kwa wenye mikokoteni. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akinywa ya kisima. Alisema maji matamu hayamkati kiu, na sisi utotoni tukayanywa kwa sababu yeye anayanywa.

Mdogo wangu alipata kazi ya mapokezi hotelini, upande wa Likoni, akajuana na mzungu mmoja mtu mzima, akaondoka naye. Waliandikishana ndoa serikalini. Hakuna aliyekuja kuposa wala baba hakuulizwa. Aliletewa habari kama anavyoletewa jirani. Baba alikuwa mtu mpole, akasema ni mapenzi ya Mungu. Lakini tangu siku ile hakulitaja tena jina la binti yake kwa sauti.

Baba alipofariki tulimpigia simu alfajiri. Alisema theluji imefunga barabara, atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo! Kwetu maiti haingoji wiki. Baba alizikwa siku ileile baada ya adhuhuri. Siku ya tatu, watu wakisoma hitima, mdogo wangu akapiga tena akilia, na mama akainyakua simu mkononi mwangu. Alizungumza kwa sauti ya chini kabisa, nami nilikuwa nimekaa karibu nikasikia kila neno. "Tumbo lililokuzaa umelichoma moto," alisema. "Na lako lisitulie." Kisha akanirudishia simu, akaenda kutia udhu.

Mimba ya kwanza ya mdogo wangu ilitoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilifika mwezi wa tano, wameshaanza kununua nguo, nayo ikatoka. "Dada," aliniambia, "huu ni mdomo wa mama." Nikamfikishia mama maneno hayo. Tangu hapo akawa hataki hata kusogezewa simu ya mdogo wangu. Nilidhani ni ukaidi, nikamgombeza. Sasa najua alikuwa akiuogopa mdomo wake mwenyewe.

Baadaye mama akapatwa na kiharusi. Upande mmoja ukafa, ulimi ukabaki na sauti mbili tatu zisizo neno. Mimi nilikuwa nimeachwa na mume, nimerudi nyumbani na cherehani yangu, kwa hivyo kazi ikawa yangu. Nisikilizeni vizuri: silalamiki kumuosha mamangu. Miaka minane nilimuosha, nikamlisha uji kwa kijiko, nikamgeuza usiku na mchana asipate vidonda. Lililoniuma ni kuwa macho yake yalikuwa ukutani, kwenye picha ya mtoto aliye Ulaya. Aliyepo haonekani, wallahi. Ningeanguka pale na sufuria mkononi, angenipita kwa macho akatazama ukuta.

Basi mdogo wangu akapata mimba ya nne, na umri umeshakwenda. Daktari akamkataza kupanda ndege. Akanitumia tiketi mimi. "Niletee radhi ya mama," aliniambia. "Huyu asipokaa, basi tena dada, sijaribu."

Nilimwambia mama asubuhi, baada ya uji. Machozi yalimtoka. Nikamwita jirani yetu, mwanamke wa heshima anayesomesha watoto Kurani barazani kwake, ambaye mtaa mzima tunamwita mwalimu. Kwetu mzee hutoa radhi yake kwa maji. Huyatia mdomoni, akanuia anachonuia, akayatema ndani ya chombo, na anayeombewa akayanywa. Kwa mwenye mdomo mzima ni kazi ya pumzi moja. Wa mama ulikuwa umepinda. Mwalimu alisoma Fatiha, mimi nikamnywesha mama maji ya kisima kwa kikombe, yakamtoka pembeni mwa midomo yakamlowesha shingo. Mara ya pili vilevile. Nikasema, "Mwalimu, basi, tusimtese," na mama akanikamata kwa ule mkono wake mzima, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Mara ya tatu aliyazuia. Alifumba macho, kidevu kikitetemeka, kisha akayatema ndani ya chupa niliyomshikia. Mwalimu akaongeza maji ya kisima mpaka shingoni mwa chupa, akafunga kifuniko. Mama akaionyesha chupa kwa kidole, akaonyesha tumbo lake, akaonyesha picha ya ukutani.

Mimi nikangoja. Naona haya kuyasema haya, lakini nilikaa pale miguuni pake, kikombe mkononi, nikingoja anigeukie anionyeshe na mimi. Maji yalikuwapo, mwalimu alikuwapo, kikombe kilikuwa bado na nusu. Mama alichoka, akalala. Mwalimu akaniambia, "Mwenzio ana bahati," nami nikamwitikia, "Ana bahati kweli." Kile kikombe nikakimwaga uani chini ya mlimau.

Maji ya dua hayatiwi sandukuni pamoja na viatu; hilo kwetu hata mtoto analijua. Kwa hivyo chupa niliifunga kwa leso safi nikaitia kwenye mkoba wa begani. Kando yake niliweka kichupa cha halwaridi, yale mafuta ya waridi, kidogo kadiri ya yai la kuku. Hicho nilikinunua kwa ajili yangu mwenyewe, nisije nikanukia dawa na mikojo mbele ya wazungu. Mama nilimwachia mwalimu kwa wiki mbili, nikaenda uwanja wa ndege kule Changamwe.

Mkoba wangu ulipotoka kwenye mashine uliwekwa kando. Askari mmoja kijana, wa bara kwa lafudhi yake, akaitoa ile chupa kwenye leso.

"Mathe, hii maji haiwezi pita."

"Mwanangu, hayo si maji hivihivi. Hiyo ni radhi ya mamangu."

"Ni nini?"

"Baraka zake. Ameyanuia, nampelekea mdogo wangu, ana mimba na hawezi kusafiri."

Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Alinitazama kwa huruma. "Mathe, hata kama ni ya baraka, sheria ni sheria. Kunywa ama umwage kwa hiyo pipa." Kisha akakitoa kichupa cha halwaridi, akakigeuza, akakirudisha mkobani. "Haka kadogo haina shida. Vitu ndogo kama hizi zinapita."

Msidhani nilichanganyikiwa. Kichwa changu kilikuwa kizima. Nilijua pale pale kwamba naweza kuimwaga halwaridi pipani, nikakisuuza kile kichupa, nikatia humo maji ya mama. Radhi haipimwi kwa chupa. Hata funda moja lingetosha, mwalimu mwenyewe husema hata tone linatosha. Niliyaona yote hayo. Nikaona na picha ya ukutani, na miaka minane, na kile kikombe cha nusu ambacho hakuna aliyenielekezea mimi. Nikajiambia siwezi kuyamwaga maji ya dua kwenye pipa la taka, ni dhambi. Na kweli ni dhambi. Ndiyo maana ilinifaa.

Nikafungua kifuniko nikayanywa yote. Yalikuwa vuguvugu, yana chumvi ile ile ya kisima chetu. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walisonya, maana nilikuwa nikinywa taratibu, sikutaka hata tone linianguke. Nilipomaliza, nikafuta mdomo kwa leso na kusema moyoni: na mimi nimepata. Toba yarabi! Nduguangu ananingoja na tumbo lake, na mimi nasema nimepata.

Furaha yenyewe haikudumu. Ndege haijatulia angani nimeshaanza kutetemeka, na mhudumu akaniletea blanketi akidhani ni baridi. Tulipobadilisha ndege niliingia msalani na ile chupa tupu, nikaijaza kwenye mfereji. Nikataka nisome walau Fatiha, nikakumbuka nipo chooni na jina la Mungu halitajwi humo. Nikafunga kifuniko hivyohivyo. Nikasema nitayasomea nikifika. Nilipofika, kila nikifungua kinywa najiuliza, mimi ni nani hata nimtolee mtu radhi ya mamake? Basi yakabaki yalivyo, maji ya msalani, ndani ya leso safi. Na kile kichupa cha halwaridi sikukifungua safari nzima.

Mdogo wangu alinipokea kwa shikamoo, na kabla sijaitikia marahaba akauliza, "Umekuja nayo?" Amenenepa uso, miguu imevimba. Nikaupapasa mkoba wangu. Akalia pale pale mbele za watu, na yule mumewe akasimama kando ameshika funguo za gari, akirudia "pole pole" kana kwamba nalo ni neno la kumpa mtu pole. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Mimi nilitaka anywe siku ileile, jikoni, tumalize. Hakukubali.

"Na yatakayobaki niyamwage wapi, dada? Kwenye sinki, yaende na mabaki ya vyombo?" Kwetu yanayobaki humwagwa baharini au chini ya mti, mahali pasipokanyagwa. Alikuwa hajasahau. Miaka yote ile na bado anakumbuka kila kitu, na mimi niliyebaki nyumbani ndiye niliyesahau. "Kuna ziwa dogo mlimani," akasema. "Maji yake yanatoka kwenye theluji, hakuna anayeyachafua. Nilishapachagua. Daktari amesema kutembea kidogo si vibaya."

Tulikwenda watatu. Kwanza tulipanda meli nyeupe kuvuka ziwa kubwa la chini. Mimi chombo ninachokijua ni feri ya Likoni, watu wamebanana wima na mikokoteni yao. Hii ilikuwa na viti vya mbao vilivyopigwa msasa, imesafishwa hata unaona haya kukanyaga, na abiria wananong'ona kama wapo hospitali. Milima imesimama pande zote. Mzungu alinionyesha kila mlima kwa jina lake, mdogo wangu akinitafsiria, na sikukamata hata jina moja. Nilikuwa nikitazama maji. Maji matamu, ya kunywa, mpaka macho yanapoishia, na hakuna hata mtu mmoja aliyesimama na mtungi. Niliona hasira, nikawa sijui nimemkasirikia nani.

Tuliposhuka tukashika njia ya miguu. Imetengenezwa vizuri, na kila penye njia panda kuna kibao cha njano. Tulipita ng'ombe wamevishwa kengele shingoni, tukapita msitu wa miti mirefu iliyonyooka, chini yake baridi. Mzungu alitangulia na mfuko wa mikate na jibini. Mdogo wangu alitembea taratibu akinishika mkono, kama nilivyokuwa nikimshika tukienda chuoni kwa mwalimu. Mkono wake ulikuwa na joto. Nikasema, tukifika kwenye lile jiwe nitamwambia. Tukalipita. Nikasema, tukifika kwenye daraja. Tukavuka, mbao zikilia chini yetu, na yeye akaanza kunieleza.

"Nimemwota mama mara mbili wiki hii. Hanikasirikii. Ananiita nikamsukie mkeka."

"Ni ndoto njema," nikamjibu.

"Unajua, wewe ndiye uliyebaki na fungu zuri. Umekaa naye. Radhi yako unaichukua kila siku, hata huhitaji kuiomba."

Nyoo! Nilitaka kumpiga kofi, na tumbo lake lile. Fungu zuri! Nilitaka kumwambia njoo ukae wiki moja uione hiyo radhi ya kila siku inavyonuka. Badala yake nikamwambia aangalie mizizi asijikwae. Hasira ile ndiyo iliyonifunga mdomo. Pale ningeweza kusema bado, ila nilikuwa nimeudhika, na mtu aliyeudhika haombi msamaha.

Ziwa lenyewe lilitutokea ghafla tulipomaliza msitu. Sitalinyima haki yake: sijaona mahali pazuri vile maishani mwangu. Kijani kibichi, limetulia, mlima wote wa theluji umelala ndani yake kichwa chini. Mzungu akakaa mbali kwenye benchi, akatuachia nafasi yetu. Adabu anayo, namshukuru kwa hilo. Mdogo wangu akavua viatu. Akajitanda mtandio vizuri, akasogea mpaka maji yakamfika kwenye vidole, akanyoosha mikono yote miwili.

Nikampa.

"Mama alisema nini alipoyatema?"

"Hawezi kusema, unajua."

"Lakini uliona. Ulikuwepo."

"Niliona," nikasema. "Amekusamehe." Na hilo lilikuwa kweli. Katika kila nililolitenda safari ile, neno hilo moja lilikuwa kweli.

Akasema bismillahi, akainua chupa. Ndipo mumewe alipopiga ile picha. Alikunywa mafunda matatu, akatulia, akanigeukia kapigwa na butwaa.

"Mbona hayana chumvi?"

"Nini?" nikasema.

"Ya kisima chetu yana chumvi. Nimekaa miezi nikiingoja chumvi ile, dada. Mdomo wangu ulikuwa umeshajiandaa."

"Siku hizi mama anakunywa ya kununua," nikasema. "Daktari amemkataza chumvi."

Lilinitoka hilo bila hata kufikiri. Akaamini. Kwa nini asiamini? Mimi ndiye dada yake. Akanywa yaliyobaki mpaka robo, akajimiminia kiganjani akapaka tumbo, akinong'ona na yule aliyemo ndani, kisha akayamwaga mengine ziwani kwa upole, kidogo kidogo. Tukakaa kwenye nyasi tukala mikate. Alikula sana siku ile. Alicheka. Kurudi kwenye meli alitembea mbele yangu, mwepesi, na mumewe akaniambia maneno ambayo mdogo wangu aliyatafsiri hivi: hajamwona akicheka tangu mtoto wa tatu.

Niliporudi Kisauni, mama alikuwa ameegemezwa mito, macho mlangoni. Alipeleka mkono mzima mdomoni, akafanya ishara ya kunywa, akaniangalia. Nikamwonyesha picha kwenye simu. "Amekunywa, mama. Ameyanywa yote." Akaishika ile simu kifuani, nusu ya uso ikatabasamu. Alilala nayo.

Kisha zikaja wiki nne ambazo sitazisahau, nzuri mpaka zinauma. Mama alikubali simu. Kila Ijumaa baada ya adhuhuri mdogo wangu alipiga, nami nikaiweka simu kwenye mto wa kulalia, karibu na sikio la mama, sauti juu. Yule akazungumza: mtoto amecheza, mtoto anapenda ndimu. Mama akamwitikia kwa zile sauti zake, mm, mm, na machozi. Nikaanza kuamini kwamba nimesamehewa. Nikajiambia, kumbe Mungu ni mwingi wa rehema, hata maji ya msalani huyatia baraka. Kumbe wapi!

Ijumaa ya tano simu ililia mapema. Niliiweka kwenye mto wa mama kama kawaida.

"Mama," mdogo wangu alisema. Sauti yake haikuwa na kilio, ilikuwa kavu. "Ametoka. Alikuwa wa kiume."

Mama alianza kuhema. Mimi nilisimama na doti ya leso niliyokuwa nikiipinda kwenye cherehani.

"Kama hukutaka kunipa, ungekaa nayo radhi yako. Kwa nini unitumie maji ya uongo? Nilijua pale pale nilipoyaonja. Ulitema kwa mdomo, moyo wako haumo. Haya, nimesikia mama. Umeshinda."

Simu ikakatika.

Mama alinitazama. Akapeleka mkono mdomoni, akafanya ile ishara ya kunywa, akauliza kwa macho: si alikunywa? Si uliniambia alikunywa? Nikamwambia, "Alikunywa, mama. Ni mapenzi ya Mungu." Yale maneno ya baba, nikayaazima kufunikia uongo wangu. Mama akageuza uso ukutani. Safari hii hakuitazama picha, aliufumbia macho ukuta wenyewe.

Mdogo wangu nilimpigia siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Hakupokea. Kumwandikia ningeweza. Niliandika mara nyingi, kila nikifika kwenye neno "uwanja wa ndege" nafuta. Nilikuwa nikiogopa kumpoteza, ati, kana kwamba bado ninaye.

Shaabani ikaingia. Mtaa wetu una ada, kabla ya mfungo watu hupita kwa wazee kuombana radhi. Tangu kiharusi majirani walikuwa wakimshika mama mkono tu, lakini mwaka ule mwalimu alikuwa ameshawaeleza jinsi alivyojitahidi kwa ajili ya binti yake, kwa hivyo walikuja na vikombe vyao vya maji. Mama alikaza midomo. Kila kikombe alikisukuma. Mwalimu mwenyewe akambembeleza, akamsomea, wapi. Watu wakaondoka wakisema bibi amechoka. Wengine walinong'ona uani kuwa amekuwa na kibri siku zake za mwisho, na mimi niliwasikia kutoka jikoni, nikaendelea kukoroga uji.

Siku moja alasiri, tukiwa wawili tu, nilifunga mlango nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilikuwa na kikombe cha maji ya kisima. "Mama," nikasema, "na mimi. Mimi hujanipa." Sauti ilinitoka kama ya mtoto mdogo.

Alinitazama. Mimi, si ukuta. Yale macho niliyoyangoja miaka minane yalitua usoni mwangu, yakakaa hapo muda mrefu, yana mapenzi ambayo sikujua kuwa yapo. Kisha akainua mkono wake mzima, polepole, akajifunika mdomo. Akatikisa kichwa. Nikakisogeza kikombe, naye akazidi kuubana ule mkono, vidole vimemkaza shavuni. Hakuwa akininyima. Alikuwa akinikinga. Aliamini mdomo wake umeua wajukuu wanne, na hakutaka unifikie mimi.

Ningeutoa mkono ule kwa sentensi moja. Niliyanywa mimi, mama. Ilikuwa ulimini kabisa. Lakini ningeisema, macho yale yangebadilika, na ndiyo kwanza nimeyapata. Nikasema, "Basi mama, pumzika." Nikaenda kukimwaga kikombe chini ya mlimau.

Alifariki siku tatu kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Mdogo wangu hakuja. Mumewe aliandika ujumbe wa pole, kwa Kiswahili chake cha hotelini. Walipokuwa wakimuosha mama, mwalimu akatoka mlangoni akauliza kama kuna manukato ya kutia kwenye sanda, karafuu maiti wanayo lakini mafuta hakuna. Nikaenda kwenye mkoba wangu nikamletea kile kichupa cha halwaridi. Akakiinua kwenye mwanga.

"Mashallah, hakijaguswa hata kidogo. Hiki cha thamani, mwanangu. Nitie matone mangapi?"

"Yote, mwalimu," nikamwambia. "Mimina yote."